Falsafa ya Paja: Muhadhara wa Bingwa wa Kuku wa Angani

Mabibi na mabwana, pamoja nanyi wakuu wa vitivo mlioalikwa na ambao, kwa sababu mnazozijua wenyewe, hamkufika: mnahutubiwa na kuelimishwa leo na bingwa pekee wa Elimu ya Kuku wa Angani, cheo ambacho nimejitunuku mwenyewe baada ya kukosekana mshindani. Mada yangu ni Chicken Invaders, mchezo wa kompyuta uliotoka mwaka 1999, kazi ya Mgiriki Konstantinos Prouskas na studio yake ndogo, InterAction studios. Kisa chake mnakijua, hata kama mnajifanya hamkijui. Kwa karne nyingi binadamu amewakaanga kuku, akawachoma, akawachemsha mchuzi. Sasa wamerudi kutoka anga za mbali kulipa kisasi, na kati yao na dunia yetu kimebaki chombo kimoja chenye bunduki. Wachambuzi wa michezo, ambao hujaza kurasa kwa kusifu kazi zilizogharimu mamilioni ya dola, wameupita mchezo huu bila hata kugeuza shingo. Wamepotoka, na nitaonyesha walipopotokea: hawakulitazama paja.

Paja halieleweki bila kurudi Japani, mwaka 1978, pale Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito alipotengeneza Space Invaders, mama wa michezo yote ya kufyatua risasi kuelekea juu. Maadui 55 walijipanga safu tano, wakishuka hatua kwa hatua. Kadiri walivyouawa ndivyo waliobaki walivyozidi kasi, kwa kuwa kichakataji cha mashine kilikuwa na wachache wa kuchora. Nishikado akaona hitilafu hiyo inatia hofu, akaiacha ilivyo. Huo ni ugunduzi mkubwa, na mimi, ambaye si mwepesi wa kusifu wenzangu, nausifu. Lakini chini ya skrini ile kulikuwa na ngao nne, na nyuma ya ngao mchezaji aliweza kujibanza, akachungulia, akafyatua, akarudi mafichoni. Adui akifa aliacha alama tu. Hakuacha kitu cha kuokota. Kwa hiyo hofu ilikuwapo. Kilichokosekana ni tamaa.

Prouskas aliondoa ngao, akaleta chakula. Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu, na naomba aliyesinzia aamshwe. Kuku akipigwa risasi, pale alipokuwa linatokea paja lililokwisha kuiva, nalo linaanguka taratibu. Wakati huohuo wenzake waliobaki juu wanaendelea kutaga, na kila yai likigusa chombo ni kifo. Paja na yai hutoka juu palepale na kuelekea chini kulekule, mara nyingine bega kwa bega. Mtu mwenye akili timamu angekaa pembeni akayaacha mapaja yapotee, kwa maana chombo hakihitaji kula ili kuruka. Hakuna anayekaa pembeni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na katika mchezo huu mvungu wenyewe unanyesha mayai. Kuanzia toleo la pili, la mwaka 2002, mtego ulikazwa: mapaja 50 yanakupa kombora moja la kusafisha skrini nzima. Mwenye mapaja 49 si mtu wa kuaminika. Huyo ataliacha kundi zima la kuku likimtagia kichwani, atavuka skrini kutoka kona hadi kona kulifuata paja moja linaloelekea kupotea, na atakufa akiwa na kipanya kimeelekezwa kwenye nyama.

Najua pingamizi zenu, nimeziandika mwenyewe ili zisije zikaharibiwa na lugha yenu. Ya kwanza ni kwamba picha zake ni za kitoto na bajeti yake ya kuunga-unga. Najibu kwamba umaskini huo ndio uliouwezesha mchezo kukubali kompyuta yoyote, hata zile kuukuu ambazo michezo ya kifahari inazikataa kwa dharau. Ya pili ni nzito zaidi: kwamba ni uigaji mtupu. Ni uigaji, tena wa wazi, jina lenyewe linakiri. Lakini anayeiga akabadilisha sababu ya mchezaji kusogea amebadilisha mchezo wote. Pale mtu alisogea ili asife, hapa anasogea ili ale. Ya tatu inahusu matoleo ya sikukuu, ambamo kuku walewale huvikwa kofia nyekundu za Krismasi na kuuzwa upya. Hapo sina la kusema, ila nakumbusha kwamba hata kuku wa sokoni hupanda bei mwezi Desemba pasipo kuvikwa chochote. Kuhusu ukatili kwa wanyama, waulizeni waliokula mchana.

Kuna ushahidi mmoja zaidi, na ndio unaonifurahisha kuliko wote. Mchezo unaruhusu watu wawili kwenye kompyuta moja, kila mmoja na chombo chake, wakiitetea dunia bega kwa bega. Kinadharia ni washirika. Kwa vitendo, kisanduku cha zawadi kinachoongeza nguvu ya bunduki kinaposhuka katikati yao, ni cha atakayekifikia kwanza, na ukombozi wa binadamu unasubiri. Mtetezi wa ngao za Nishikado anieleze: ni ngao gani iliyowahi kuwagombanisha ndugu wawili waliokaa kiti kimoja?

Nimalizie na suala la ratiba. Toleo la pili lina mawimbi 110, na safari yake huanzia Pluto, ikapita Zohali, Mshtarii na Mirihi, hadi kwenye Jua, kwenye ngome ya kuku. Miaka minne baadaye, 2006, wanaastronomia waliivua Pluto hadhi ya usayari bila kuniuliza, na hivyo kuuharibu mpangilio uliokuwa mzuri. Maswali yataruhusiwa kwa waliofika Jua tu. Walioishia Zohali wanaweza kuandika barua. Walioishia Pluto watusaidie kupanga viti.