Jinsi ya Kujaza Stoo Babati Bila Mtaa Kujua

Umeamua mwaka huu familia yako haitashtukizwa. Hongera. Utaweka mahindi, maharage, maji, mafuta ya taa na fedha kidogo ya kukimbilia. Sasa sogea karibu, maana nakufahamu: gunia la tatu halijatua chini, mdomo umeshaanza kukuwasha. Binadamu akipata kitu anataka kionekane, na Babati ni mji wa kuonekana. Jambo likisemwa stendi asubuhi, mchana limefika Bonga, na jioni Galapo wanalijadili na idadi imeongezeka. Kwa hiyo tutafanya ujanja, wewe na mimi. Utajiandaa kikamilifu, huku mtaa ukikuona mtu wa kawaida anayeungaunga kama wengine wote.

Usione aibu. Akiba inayojulikana imeshagawiwa. Piga hesabu: mtu mzima hula karibu gunia moja la mahindi kwa mwaka, kwa hiyo nyumba ya watu sita inahitaji magunia sita ili ivuke hadi mavuno mengine. Yagawe magunia hayo kwa nyumba kumi, yako ikiwemo, na miezi miwili haifiki yamekwisha, nyumba zote kumi zinatazamana. Jirani yako si mtu mbaya. Ila jirani ambaye watoto wake wanalia hawezi kujua una magunia akaacha kuomba, nawe huwezi kumnyima kisha kesho mkasalimiana vizuri. Ukimya unawaokoa wote wawili.

Wazee wa huku waliijua kazi hii kabla yetu. Wairaqw na Wagorowa walichimba nyumba zao ubavuni mwa kilima, wakaziezeka kwa udongo, ili mvamizi anayetafuta ng'ombe akitupa macho aone mteremko tu. Waliokuwa watu wazima mwaka 1983 nao wana lao la kusimulia. Bidhaa zilikuwa zimeadimika baada ya vita vya Kagera, na Waziri Mkuu Edward Sokoine akaanzisha kampeni dhidi ya wahujumu uchumi. Watu walioingiwa na hofu walitupa sabuni na sukari porini wasije wakakutwa nazo. Leo hakuna anayekamatwa kwa kula mahindi yake, lakini mpaka ni ule ule. Chakula cha watoto wako ni haki yako. Kuhodhi ili uuze bei ikipanda ni kuwanyonga wenzako, na kama huo ndio mpango wako, mwongozo huu haukuhusu.

Tuanze.

Hatua ya kwanza: nunua kidogo kidogo, na nunua mchana. Kati ya Juni na Agosti mahindi yanapokuwa mengi, chukua gunia moja leo, jingine baada ya wiki mbili, kwa muuzaji mwingine. Dai mizani, lumbesa haina faida kwa mtu wa akiba, kwa sababu lazima ujue una kilo ngapi. Mchele wa Magugu uagize kwa kilo kumi kumi. Usikodi lori. Wala usilete mzigo usiku, hapo ndipo wengi wanapojichoma. Gunia linaloshushwa saa nne usiku, taa zimezimwa, watu wananong'ona, litasemwa mwezi mzima. Gunia linaloletwa na bajaji saa nne asubuhi, juu yake ufagio mpya na kiroba cha pumba za kuku, halina habari.

Hatua ya pili: mshinde mdudu kabla hajakuumbua. Hapa nataka utulie, kwa sababu siri nyingi za chakula hazivujishwi na watu. Zinavujishwa na dumuzi, yule ambaye wakulima walimpa jina la skania. Alitokea Amerika ya Kati, akaonekana kwanza upande wa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo akiingia kwenye gunia huligeuza vumbi. Mahindi yaliyobunguliwa lazima yaanikwe na kupepetwa, na ukitandaza magunia sita kwenye turubai mbele ya nyumba, umeutangazia mtaa mzima.

Kwa hiyo kagua mapema. Chukua chupa kavu ya plastiki yenye kifuniko, jaza mahindi hadi theluthi moja, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu kabisa, tikisa kwa dakika moja, kisha iache robo saa. Itazame kwenye mwanga. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi bado yana maji. Yarudishe juani, na ikiwezekana yaanikie huko huko shambani ulikoyanunua. Chumvi ikianguka yote chini, yanafaa kuhifadhiwa.

Kisha tafuta ile mifuko ya tabaka tatu, mifuko ya PICS. Mbinu yake ilibuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, kwa ajili ya wakulima wa kunde wa Kameruni. Ndani kuna mifuko miwili ya nailoni nzito, nje kiroba cha kawaida. Jaza, shindilia, toa hewa, sokota shingo ya mfuko wa kwanza, ikunje, ifunge kwa kamba. Fanya hivyo kwa wa pili, kisha kiroba. Mdudu aliyebaki ndani ataimaliza hewa mwenyewe na kufa. Hutahitaji dawa, hakutakuwa na harufu wala vumbi, na hutaanika tena. Ukifungua, funga haraka.

Adui wa mfuko huo ni panya, kwa sababu tundu moja linatosha kurudisha hewa. Fuga paka. Lakini vidonge vya kufukizia usithubutu kuviweka kwenye nyumba mnayolala. Gesi yake inaua watu usingizini, na hakuna gunia lenye thamani hiyo.

Hatua ya tatu: ficha mahali panapochosha macho. Darini hapafai: mbao zitalalamika, na mwizi huanzia huko. Chumba chenye kufuli jipya kubwa hakifai pia, maana kufuli linauliza swali ambalo kila mgeni atataka kulijibu. Panga mifuko juu ya chaga, isiguse sakafu wala ukuta, kwenye chumba cha vitu vilivyochoka: cherehani mbovu, magodoro ya zamani, masanduku ya bibi. Mbele weka viroba viwili vya mkaa. Mtu akichungulia ataona mkaa, atajipangusa mikono hata kabla hajagusa, na ataondoka.

Hatua ya nne: watoto. Usiwafundishe uongo, watausema vibaya. Wape ukweli usio na ladha. "Kile ni chumba cha vitu vya bibi" ni sentensi ambayo hakuna mtoto atakayekimbia kuipeleka kwa wenzake. Wakubwa, wenye miaka kumi na miwili na kuendelea, waambie kila kitu na uwaambie kwa nini. Kijana aliyeaminiwa hufunga mdomo kuliko kijana aliyefichwa.

Hatua ya tano: endelea kuonekana unahitaji. Hii ndiyo kazi ya kila siku, nayo ina faida mbili kwa mkupuo. Nenda dukani kwa Mangi ununue nusu kilo ya sukari na robo ya mafuta ya kupikia kama zamani. Ulichonunua kiweke stoo, kula cha zamani. Akiba yako itabaki mpya bila kuoza, na Mangi atakuwa shahidi wako kwamba unaishi kwa vipimo. Mashine ya kusaga nayo ina macho: peleka debe moja kwa safari moja, na simama kwenye foleni bila haraka. Mwenye mashine anajua tumbo la kila nyumba kuliko mwenyekiti wa mtaa.

Chunga taka zako pia. Maboksi mawili matupu ya tambi yaliyotupwa nje siku moja yanasomeka.

Hatua ya sita: lishe majivuno yako kitu kingine. Sitakudanganya kwamba utaacha kujisifu. Kikao cha kikoba kitafika, shemeji ataanza kueleza ng'ombe wake wa maziwa, na magunia yako yatakupanda kooni. Jiandae mapema na kitu ambacho hakiliki wala hakiazimiki: alama za binti yako, ua la rozi mlangoni, jinsi ulivyomfunga mtu bao kijiweni. Jisifu kwa hayo hadi wachoke. Mtaa unataka jambo la kukuhusu, basi ukiupa lenye kelele hautatafuta la kimya. Na simu usiiingize stoo. Picha moja kwenye stetasi, uliyoiweka kwa dakika tano na kuifuta, imeshahifadhiwa na shangazi.

Hatua ya saba: maji na fedha. Tanki kubwa juu ya mnara kila mtu analiona, na ni sawa, liwepo. Akiba yako halisi iwe madumu ya lita ishirini bafuni na chini ya meza ya jikoni, yaliyosuguliwa na kufunikwa vizuri, ukiyazungusha kila wiki. Weka na vidonge vya kutibu maji. Baada ya mafuriko maji hujaa kila mahali na hayanyweki, kama wanavyojua waliokuwepo ziwa Babati lilipofurika mwaka 1990. Fedha weka noti ndogo ndogo, za elfu moja na elfu mbili. Intaneti ilipozimwa kuanzia siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, waliozoea kuishi kwa simu walijua uzito wa noti iliyolala kabatini. Na noti ya elfu kumi siku ya taharuki haina chenji. Tena inaonyesha kuwa unazo.

Hatua ya nane: usiweke vyote nyumba moja. Asubuhi ya Jumapili, Desemba 3, 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima Hanang ilimeguka. Tope, mawe na magogo vikashuka hadi Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Nyumba ziliondoka na kila kilichokuwamo: magunia, magodoro, vyeti vya shule. Akiba iliyofichwa vizuri kuliko zote ilikwenda na maji sawa na ile iliyoachwa barazani. Kwa hiyo theluthi ya akiba yako ipeleke kwa mtu mmoja unayemwamini, anayekaa mbali na wewe na mbali na mkondo wa maji. Nakala za hati ya kiwanja, vitambulisho vya NIDA na kadi za kliniki zifunge kwenye nailoni, ziwe karibu na mlango. Mvua ikizidi na ukaambiwa hama, hama. Usibaki kulinda mahindi.

Na hapa ndipo ujanja wetu unapokoma. Ficha magunia, usifiche watu. Balozi na jirani wa kushoto na kulia wajue wazi mnalala wangapi nyumbani, nani ni mgonjwa, bibi analala chumba kipi. Tope likishuka, wanaokuja kuchimba ni hao hao majirani, tena kwa mikono na majembe, kabla hata gari la uokoaji halijafika. Wakijua mko saba, hawataacha kwa sita.

Mtu mmoja nje ya nyumba yako lazima ajue pia akiba iliko. Ukiugua ghafla, siri isiyojulikana na mtu inakuwa chakula cha panya.

Hatua ya tisa: siku yenyewe. Imefika. Maduka yamefungwa au bei imepaa, na wewe stoo imejaa. Utajisikia mshindi, na uso utataka kuonyesha. Ushushe. Lalamika kwa kiasi. Anayelalamika kuliko wote huchunguzwa. Nenda foleni wanakoenda wenzako, ila ukifika mbele na kinachogawiwa ni kidogo, mwachie aliye nyuma yako. Wewe huna haja nacho, na kumnyang'anya asiye na kitu ili ulinde sura yako ni wizi. Pika mapema jioni, chemsha badala ya kukaanga. Harufu ya kitunguu kwenye mafuta hufika nyumba ya nne.

Halafu toa, lakini toa kwa ujanja ule ule. Unga ukiutoa mkavu, unaulizwa umetoka wapi na umebaki kiasi gani. Ugali uliopikwa hauulizwi. Kwenye hesabu zako za mwanzo ongeza gunia la saba, na hilo usiliite lako. Lipike kidogo kidogo kwa ajili ya nyumba mbili unazojua zitaelemewa kwanza: ya mjane, ya mama aliyejifungua juzi. Mtume mtoto na hotpoti magharibi ikiingia, aseme, "Mama amesema karibuni, tumepika kingi leo." Asingoje kushukuriwa. Kesho yake hotpoti ikirudi, ipokee, uliza hali ya mtoto mchanga, na usitaje ugali.