Sifa za Kuhamisha Leseni ya Windows

Sifa za dunia zimegawanywa bila insafu. Mwezi umesifiwa mpaka umechoka, wafalme wametungiwa tenzi wasizostahili, asumini ina washairi wake tangu zamani, na hata mvua ya Usambara, ambayo hutuharibia barabara kila masika, haikosi mtu wa kuishukuru. Lakini kazi ya kuihamisha leseni ya Windows kutoka kompyuta kuukuu hata kompyuta mpya, kazi iliyowashughulisha makarani, walimu, makatibu wa ushirika na maimamu watunzao daftari za misikiti, haijapata hata ubeti mmoja. Mimi mkazi wa Zirai, niliyeifanya kazi hiyo kwa mikono yangu na kwa bando langu mwenyewe, naona ni faradhi kuiondolea dunia aibu hiyo.

Fadhila yake iliyo kubwa ni kwamba humbainishia mtu alichonunua. Mwenye kompyuta huishi miaka mingi katika ghururi ya kudhani kwamba Windows iliyomo ni mali yake, kwa kuwa aliilipia na risiti anayo, mpaka siku mashine ile ikizimika isiwake tena. Ndipo hujua ya kuwa alichopewa kilikuwa idhini, na idhini ina masharti, na masharti yale yameandikwa katika mkataba mrefu ambao yeye aliukubali kwa kubofya mara moja, kabla hajaufikia mstari wa pili. Chuo cha Uongozi wa Mahakama kiko Lushoto, na wamo humo wajuzi wa mikataba wasio na idadi. Walakini nathubutu kusema kwamba hata wao, wakiwasha kompyuta mpya, hubofya kama sisi.

Leseni hizi ni za namna mbili. Iko iliyouzwa peke yake, rejareja, nayo hali yake ni ya mke: yumo katika ndoa ya kompyuta moja tu kwa wakati mmoja, ila akiachwa ana haki ya kuolewa na nyingine. Na iko iliyotiwa na kiwanda ndani ya kompyuta kabla haijafika dukani, nayo imefungamana na bodi kuu ya mashine ile hata mauti. Watu wa pupa huilaumu hii ya pili. Mimi sioni duniani uaminifu unaoshinda wake, maana radi ikiiunguza bodi, leseni haitafuti pa kukimbilia bali huteketea nayo siku ile ile, hali aliyelipa mahari amesimama na bisibisi mkononi, mzima wa afya. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012 viwanda vimezidisha sitara: ufunguo wa leseni umezikwa katika bodi yenyewe, hata mwenye kompyuta hauoni uso wake. Zamani ulichapwa kwenye kibandiko chini ya mashine, na kwa kuwa aghalabu ya kompyuta zinazopanda milima hii ni za mtumba, zilizotumikia kwanza ofisi za Ulaya au Dubai kisha zikapita Kariakoo, kibandiko hufika kimesuguliwa na meza na mapaja ya mataifa, hata B haitambulikani na 8.

Ama ile ya rejareja, talaka yake ni lazima itamkwe. Hutamkwa katika dirisha jeusi la amri, kwa maneno slmgr /upk, na ufunguo hutoka katika mashine ya zamani. Kisha katika mashine mpya huandikwa slmgr /ipk pamoja na ufunguo wenyewe, na hiyo ndiyo nikahi. Hapa pana hekima ambayo wengi hawaioni: talaka ile haimfikii kadhi. Amri huufuta ufunguo katika kompyuta tu, haipeleki habari kwa seva za Microsoft, hivyo kadhi aliye mbali, akiletewa ndoa mpya, aweza kudhani mke bado yumo nyumbani mwa mume wa kwanza. Na mtu mwadilifu, aliyefanya yote kwa sheria, hutakiwa athibitishe kwamba si mwizi. Ni nani mwingine atupaye nafasi kama hii ya kuitetea heshima yetu? Huko Ulaya, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua mwaka 2012, katika kesi ya UsedSoft na Oracle, kwamba mwenye leseni ya kudumu ya programu aweza kuiuza ikiwa imetumika, maadamu nakala iliyobaki kwake ameifanya isitumike tena. Hukumu iliyo karibu mno na fikihi yetu, japo majaji wale sidhani kama walipata kukifungua kitabu cha Minhaji.

Ufunguo wenyewe wastahili kasida yake. Una herufi na tarakimu 25, katika mafungu matano ya tano tano, nao hauna irabu hata moja, wala sifuri, wala moja, ili jicho lisidanganyike na ili maneno ya matusi yasijitunge yenyewe. Sisi ambao ulimi wetu haupendi kumaliza silabi pasipo irabu, tukisomeana ufunguo ule kwa simu, mmoja Zirai na mwingine Lushoto, hujifunza matamshi ambayo hakuna mwalimu aliyetufunza. Mbegha alipohama Ungulu akaja kuasisi ufalme wa Wakilindi huku milimani, alihama na mbwa wake na mikuki yake, na sikumbuki popote katika Habari za Wakilindi anapoulizwa herufi 25. Labda ndiyo maana ufalme ule haukudumu. Na aliyepata kuiwezesha Windows 7 kwa simu anaijua daraja iliyo juu zaidi: alisoma tarakimu 54, mafungu tisa ya sita sita, kisha akasikiliza na kuandika nyingine 48, huku amesimama juu ya jiwe lile moja ambapo mtandao hushika. Nimewaona watu wasiotulia hata hotuba ya Ijumaa wakitulia kwa ajili ya tarakimu zile.

Tangu 2016 mambo yamerahisishwa kidogo, nami nasikitika. Leseni ya kidijitali sasa yaweza kufungwa na akaunti ya mwenyewe, na aliyebadili kifaa huonyeshwa orodha ya kompyuta zake achague. Alhamdulillahi, wema haukutoweka wote: majina ya orodha ile aghalabu ni DESKTOP, kistari, na herufi saba zilizookotwa ovyo, na mtu aliyekaa na kompyuta yake miaka minane hutakiwa kuitambua kwa jina ambalo hakuipa wala hakupata kuliita.

Vijana hudhani neema hii ilikuwapo siku zote. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuziingiza. Kizazi kizima kikaishi bila kuhamisha leseni yoyote, kikajishughulisha na mambo madogo kama kilimo. Sasa tumefidiwa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa kawaida, na kwa kuwa Windows 11 hudai chipu ya ulinzi iitwayo TPM 2.0, ambayo kompyuta nyingi kuukuu hazina, umma mzima umeitwa kuhama.

Wako wanaoikimbia thawabu. Fundi kijana, mwenye adabu zote, atakuambia, “Shikamoo mzee, ya nini kuhangaika? Lete nikupigie Windows, nusu saa tu,” naye hutoa flashi mfukoni yenye Windows iliyokwisha vunjwa kufuli. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina neno juu ya flashi ile, lakini mimi simwonyi kwa sheria. Namwambia tu kwamba nusu saa haitoshi kumkuza mtu.

Hatari kubwa hasa ni mpwa wangu. Kompyuta yangu ya zamani, ilipokwisha kuachwa kwa taratibu zote, aliichukua akaitia Ubuntu, mfumo wa Linux usio na ufunguo wala mahari, akaipeleka madrasa ya jirani. Akaongeza kunieleza, kana kwamba ni jambo la kujivunia, kuwa tangu 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikwisha toa programu za ofisi za namna hiyo hiyo kwa Kiswahili, zikiitwa Jambo OpenOffice. Naambiwa kompyuta ile iliwashwa asubuhi, na kabla ya adhuhuri watoto walikuwa wakichapa majina yao. Na mashine ile ikifa, watachukua nyingine yoyote na kuitia vile vile, bila simu, bila akaunti, bila kuulizwa na mtu yeyote wao ni nani. Nawahurumia watoto wale.