Mhazini na Megahezi 471

Shemeji yangu amezaliwa mhazini wa kamati za harusi. Mwaka 2004, tulipokuwa tunamwoza mdogo wetu wa mwisho, alikuja kikaoni bila daftari. Alichomoa kiunoni kompyuta ya kiganjani iliyotoka Dubai, akavuta kijiti chake, na ahadi zote za michango zikaingia kwenye Pocket Excel. Wazee wakaguna kwa heshima.

Ndani mlikuwa na prosesa ya Intel PXA255, megahezi 400. Kwa kujumlisha michango, hizo ni za kumwaga. Kompyuta za Palm za kwanza, za 1996, zilikuwa na 16 tu na watu waliendesha ofisi nazo. Lakini shem alikuwa amesikia kuna programu za kuikimbiza prosesa kuliko ilivyopangiwa kiwandani. Basi vikao vikapata ajenda isiyoandikwa.

Aliweka XCPUScalar. Akaongeza na Pocket Hack Master, ati alinganishe.

"Shem, hii inafika 471," ananinong'oneza, mwenyekiti akiwa kwenye bei ya ukumbi.

"Na ile nyingine?"

"471."

Ingefika ngapi tena? Ngazi za spidi ni za prosesa yenyewe. Programu kazi yake ni kubonyeza tu. Zinachotofautiana ni sura, na jinsi zinavyojua kushusha spidi kifaa kinapokaa bure ili betri idumu. Mimi naona hapo ndipo faida yote ilipo. Shem habari za kushusha hakutaka hata kuzisikia.

Na hakuondoa hata moja. Zote mbili zikawa kazini, hii inapandisha, ile inashusha, kama madereva wawili kwenye usukani mmoja. Mbaya zaidi, PXA255 ikipandishwa hadi 471, mwendo wa kumbukumbu nao hupanda, kutoka kama megahezi 100 hadi 118. Na kwenye Pocket PC za enzi hizo, kama hiyo ya shem, kabla ya Windows Mobile 5 ya mwaka 2005, kumbukumbu hiyohiyo ndiyo iliyotunza mafaili. Ikivurugika, umekwisha.

Ikavurugika tukiwa tunasoma majina ya wadaiwa. Kioo kikaganda. Shem akachomeka ncha ya kijiti kwenye kile kitundu cha kuwashia upya, wapi! Akachomeka tena huku amekandamiza kitufe cha kuwashia. Hapo kikaamka, cheupe pe, na msalaba mdogo katikati, kikimtaka augonge. Akaugonga. Ukahamia kwenye kona. Akaufuata. Kona nyingine. Kamati nzima imemwinamia mabegani, inamwangalia mhazini wake akifukuzana na msalaba, mpaka kifaa kikamkaribisha kwa adabu, kana kwamba kimetolewa kwenye boksi asubuhi ile.

"Nakala unayo?" mwenyekiti akauliza.

"Nilitaka kwanza ikae sawa kwenye 471, Mzee, ili inakili haraka."

Kimya kile hakikudumu. Shangazi akakumbuka kwamba yeye alishamaliza kulipa. Jirani naye alishamaliza. Ghafla hapakuwa na mdaiwa chumba kizima. Sijawahi kuona ukoo wenye uaminifu namna ile. Baba mdogo, aliyeahidi laki moja na kutoa elfu ishirini, ndiye aliyesimama wa mwisho. Alitaka kujua chenji yake iko kwa nani.