Ukifika Tabora, Kata Kushoto

Familia yetu ina nyumba ya urithi Magomeni: vyumba vitatu huku, vitatu kule, ukumbi katikati, uani nyuma, na mbele baraza ambako baba mkubwa hukaa kuanzia alasiri akisubiri mtu wa kubishana naye. Sakafu yake ni nyekundu. Wenye umri wanaijua: zege chini, niru juu, unga mwekundu wa oksidi ya chuma unanyunyizwa niru ikiwa bado mbichi, kisha fundi anapiga magoti na kuikandamiza kwa mwiko mpaka aanze kuiona sura yake mwenyewe. Babu aliimwaga miaka ya hamsini. Kiwanda cha Wazo Hill kilianza kutoa saruji mwaka 1966, kwa hiyo ya kwetu ilikuja kwa meli. "Sakafu ya ng'ambo hii," husema baba mkubwa, kwa sauti ya mtu aliyeipokea mwenyewe bandarini.

Ilipoanza kupasuka na kubanduka ukumbini, kikaitwa kikao. Binamu yangu anayeishi Mbezi akaja na picha za marumaru kwenye simu, nyeupe, zina mistari ya kijivu. "Wenzetu wa Magomeni Kota wamehamia ghorofani," alisema, na ni kweli, ghorofa zile zilizinduliwa mwaka 2022 kwa kaya 644. "Sisi bado tunakanyaga wekundu wa babu."

Baba mkubwa hakuigusa hoja ya marumaru. Alijibu kwa historia. Mwalimu Nyerere aliacha kufundisha Pugu mwaka 1955, na baadaye akaja kukaa Magomeni. Nyumba ile sasa ni makumbusho, yeyote anaweza kwenda kuiona. Hilo halina ubishi. Ubishi huanza pale baba mkubwa anapomtoa Mwalimu kwenye nyumba ile na kumleta kwetu. Zamani alikuwa akisema Mwalimu alipita barabarani. Siku ya kikao, Mwalimu aliingia ndani, akavua viatu na kuisifu sakafu. Binamu alipozidi kung'ang'ania, Bibi Titi naye akawa ameshaingia na nusu ya TANU nyuma yake, na nina hakika tungekaa mpaka magharibi angetokea hata Gavana Twining kuomba maji ya kunywa. Shangazi akakata shauri: "Haya, haing'olewi. Fundi analipwa na nani?" Ukumbi mzima ukainamia simu.

Mafundi wa marumaru wamejaa mjini. Simama Magomeni Mapipa utamke tu neno hilo, utazungukwa. Fundi wa niru nyekundu ni wa kutafuta kwa kuuliza misikitini na misibani. Mmoja aliigonga sakafu kwa kisigino, akasikiliza mlio wake, akanipa pole. Mwingine alishauri tumwage zege jipya juu ya la zamani. Nikamuuliza, milango itafunguka vipi? Tutaikata chini. Na dari je, mbona litasogea karibu na vichwa? Akasema watu huzoea.

Hatimaye tukampata mzee mmoja wa Temeke, aliyekuja na mwiko wake umezungushiwa gazeti. Alipiga magoti, akapitisha kiganja ukumbi mzima bila kusema neno, kisha akatamka: "Mbovu ni hapa, hapa na pale. Kwingine kote kuzima kuliko mimi." Akatueleza na ugonjwa wenyewe. Ardhi yetu ni mchanga, bonde la Msimbazi liko jirani, na zamani watu hawakutandika nailoni chini ya zege. Unyevu unapanda na chumvi yake, unaisukuma niru kutoka chini. Ukiufunika kwa marumaru hauendi popote. Unatafuta njia nyingine, na njia iliyo karibu ni ukuta. Binamu aliposikia hayo akasema mzee kahongwa.

Kazi yenyewe ilikuwa safi. Akachonga palipooza, akaosha, akamwaga, akanyunyiza wekundu, akapiga mwiko. Masharti yake ndiyo yalituvunja mbavu: pasikanyagwe mpaka pakauke, halafu pafunikwe magunia mabichi wiki nzima ili saruji isipasuke kwa kukaushwa haraka. Sasa ukumbi wa nyumba ya Kiswahili ndiyo barabara kuu. Wapangaji wote hupita pale kwenda uani, na uani ndiko kiliko choo. Tukaweka mbao juu ya matofali. Mama Asha, mwanamke mwenye mwili na msimamo, aliutazama ubao, akatutazama sisi, akachukua kopo lake na kuzunguka kwa uchochoro wa nyuma, kila safari akigonga geti la uani mpaka mtu aamke kumfungulia. Kijana wa chumba cha mwisho aliona afadhali dirisha. Jirani akapiga yowe la mwizi, na kijana akaokoka kwa kutaja majina ya ukoo wetu, waliopo na marehemu, haraka kuliko ninavyoweza mimi.

Aliyepita bila matatizo ni jogoo wa Mama Asha. Alivuka niru mbichi kutoka mlango hadi mlango, bila haraka, nyayo zote zikabaki. Mzee akauliza azifute. Baba mkubwa akakataza, eti hiyo nayo ni historia. Nina wasiwasi na jogoo yule. Miaka michache ijayo atakuwa na kadi ya TANU.

Magunia yalipoondolewa, viraka vikawa na rangi yake na sakafu ya babu ikabaki na yake, ukumbi ukafanana na ramani ya mikoa. Wapangaji hawakulalamika, waliigawana. Pa Mama Asha ni Dodoma. Mgeni akiuliza choo anaambiwa apite Dodoma, akifika Tabora akate kushoto. Mzee wa Temeke anasema tuvute subira, niru mpya itaiva, na mkono wa kung'arisha utasaidia.

Kung'arisha kulisimamiwa na shangazi, kwa dawa ya enzi zao: nta ya mishumaa iliyolainishwa kwa mafuta ya taa na kutiwa wekundu kidogo, unasugua kwa kumbi la nazi, unamalizia kwa kitambaa. Mkono wa shangazi kwenye wekundu hauna kidogo. Mtoto wa Mama Asha alirudishwa kutoka shule na barua inayouliza magoti yamefanywa nini. Kanzu nyeupe ya baba mkubwa, aliyekaa kizingitini kutoa maelekezo, imestaafu. Binamu alikuja kukagua kwa soksi nyeupe, akaondoka Magomeni na nyayo za kuonekana mpaka Mbezi.

Lakini inang'aa, ni baridi mchana wa Februari, na gharama haikufika hata karibu na ya marumaru za binamu. Karibuni mwione. Viatu mvue mlangoni, na soksi nyeupe mziache nyumbani.