Faili Halipo: Barua ya Wazi kwa Karani wa Dirisha Jeusi

Mheshimiwa Sheli,
Karani Mkuu wa Masjala,
Dirisha Jeusi,
Ndani ya Kompyuta Yangu.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA JIBU LAKO LA "COMMAND NOT FOUND"

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mheshimiwa, kwanza niombe radhi kwa jina. Mtaani kwetu sheli ni pale bodaboda wanapojaza mafuta, na nilipomwambia mama mwenye nyumba kwamba nimekesha nikigombana na sheli, aliniuliza kama wamepandisha bei tena. Ilibidi nimweleze kuwa wewe ni sheli nyingine, ile programu inayokaa nyuma ya terminali, inayopokea ninachoandika na kwenda kumwita mhusika aje afanye kazi. Tarishi na karani kwa mshahara mmoja. Nakuheshimu kwa umri pia: tawi lako la Bash linahudumia wananchi tangu mwaka 1989, na kwa miaka yote hiyo hujajifunza kusema samahani.

Lalamiko langu ni moja, ila lina watoto.

Usiku wa Alhamisi nilikuwa namalizia tovuti ya kikundi cha akina mama wa kuweka na kukopa. Walitaka kuiona Jumamosi kwenye kikao. Nilihitaji zana moja ya JavaScript, kati ya zile zinazoitwa kwa jina kwenye dirisha lako, zikakusanya mafaili ya tovuti na kuyafungasha pamoja. Nikamwagiza npm, mleta vifurushi vya JavaScript: nikaandika npm install -g na jina la zana. Bando langu likaungua huku naliangalia, kisha npm ikatangaza kwamba imeongeza vifurushi mia mbili na ushee. Umealika mgeni mmoja, amekuja na ukoo. Sikunung'unika. Nikaandika jina la zana, nikabonyeza Enter.

Ukajibu: command not found.

Mheshimiwa, npm mnakaa naye chumba kimoja. Amewapokea wageni mia mbili mbele ya macho yako, sakafu bado ina vumbi la miguu yao, na wewe unasema huyo mtu hayupo. Jibu hili nalijua tangu nilipokuwa natumwa kufuatilia faili la kiwanja cha baba. "Faili halipo." Karani hajanyanyuka kwenye kiti. Ukirudi mara ya nne, tena na mzee mmoja anayejulikana, faili linaonekana kwenye kabati la tatu, na karani anakueleza bila haya kwamba yeye huangalia makabati mawili tu, ndivyo alivyoelekezwa.

Nawe ndivyo ulivyoelekezwa. Makabati yako yameandikwa kwenye orodha iitwayo PATH. Nikiandika echo $PATH unanisomea: /usr/local/bin, /usr/bin, /bin, yametenganishwa kwa nukta mbili. Unafungua la kwanza, ukikosa unafungua la pili, hadi mwisho wa orodha. Jina likionekana mahali umemaliza kazi, hata kama huko mbele kuna mwingine wa jina hilo aliye bora zaidi. Kabati ambalo halimo kwenye orodha hulifungui, zana ingawa imekaa mlangoni inakupungia mkono. Ya kwangu ilikuwa kwenye .npm-global/bin, ndani ya folda yangu ya nyumbani.

Utaniuliza ilifuata nini huko. Hapo ndipo panaponiuma, maana niliponzwa na uadilifu wangu mwenyewe. Mwezi mmoja nyuma niliagiza zana nyingine, npm ikataka kuiweka kwenye /usr/local/lib, ikapigwa stop: EACCES, huna ruhusa. Vijana wana dawa yao ya haraka, tanguliza sudo. Sudo, kwa wasomaji wa barua hii wasioifahamu, ni kimemo. "Mleta kimemo hiki ashughulikiwe." Mlango ulifunguka papo hapo. Ila vilivyoingia kwa jina la mkubwa vilibaki mali ya mkubwa, na wiki iliyofuata npm ilishindwa kugusa ghala lake lenyewe ndani ya folda yangu, kwa kuwa humo mlikuwa na mafaili ya root, yaani huyo mkubwa. Nikayarudisha mikononi mwangu kwa chown, nikaapa kuacha vimemo, nikaiambia npm kuanzia leo iweke zana nyumbani kwangu, kwenye folda yangu halali. Ikatii. Hukuambiwa wewe tu.

Basi, kwa kuwa npm prefix -g ilinionyesha kabati lilipo, nikafungua faili la .bashrc nikaandika kwa fahari:

export PATH=$HOME/.npm-global/bin

Nikafunga dirisha, nikafungua jipya. Wenye uzoefu wameshashika kichwa.

Nikaandika ls, nione mafaili yangu. Command not found. Nikaandika cat. Command not found. Nano, wa kuhariri mafaili, vivyo hivyo. Mheshimiwa, ls! Mtu mliyefanya naye kazi tangu mnaajiriwa, anayeitwa mara mia kwa siku, unamkana mchana kweupe kama humjui baba yake! Nilichofanya, kumbe, ni kuchana orodha nzima ya makabati na kuandika mpya yenye kabati moja, kwa sababu nilisahau kumalizia na nukta mbili na $PATH, yaani "pamoja na yale ya zamani". Waliobaki wanaitika ni akina echo na cd, na hao ni kwa sababu wanaishi tumboni mwako, hawahitaji kutafutwa.

Nikajifariji kwamba angalau zana yangu sasa utaiona. Na uliiona kweli! Nikaiita, ikaamka, ikafungua mdomo, ikasema:

/usr/bin/env: 'node': No such file or directory

Mstari wa kwanza wa zana hizi unasema #!/usr/bin/env node, maana yake: nenda kwa bwana env, mwambie amtafute node, mwendeshaji wa JavaScript, aje anisome. Env naye ni mtoto wa masjala hiyohiyo, anatembea na karatasi yako ileile. Node alikuwa /usr/bin, meza moja na env mwenyewe, wanagusana viwiko. Env akaangalia orodha, akaona kabati moja, akalifungua, hakumkuta, akaandika taarifa kwamba hakuna kitu kama hicho. Hapo nilicheka peke yangu saa sita usiku. Nilikuwa na node bila zana. Sasa nimeipata zana, nimempoteza node.

Nilijiokoa kwa kumwita nano kwa anwani yake kamili, /usr/bin/nano, nikairekebisha .bashrc. Mtu akiitwa kwa anwani kamili huhitaji orodha, unamleta kimyakimya. Hukunitajia kwamba dakika tano nyuma ulimkana.

Sentensi hiyo ya env, Mheshimiwa, imeliza watu wasio na kosa lolote. Node ambayo muundaji wake, Ryan Dahl, aliionyesha Berlin mwaka 2009 ilipobisha hodi Debian, mmoja wa mifumo ya Linux, ilikuta jina limeshachukuliwa: kulikuwa na programu nyingine iitwayo node, ya wapenzi wa redio za ridhaa wanaorushiana data hewani. Sheria ya Debian inasema programu mbili zenye kazi tofauti zisitumie jina moja, na wenyewe wakishindwa kukubaliana, wote wawili wabadilishe. Mgeni akaandikishwa kwa jina la nodejs. Tabu ni kwamba zana zote duniani zilikuwa zimeshaandika node kwenye mstari wake wa kwanza. Mtu anasakinisha Node, ipo, ukiiita nodejs inaitika vizuri, halafu env anaapa kwamba node haijawahi kuonekana eneo hili. Shauri likapanda hadi Kamati ya Ufundi ya Debian, likaamuliwa mwaka 2012. Kikapatikana kifurushi kinaitwa nodejs-legacy ambacho kazi yake yote ilikuwa kuweka kiungo kinachosema: huyo mnayemuulizia ndiye huyu. Kwetu tungekiita kiapo cha majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Juma, kitambulisho kinasema Jumaa, unakwenda kwa wakili unaapa kuwa hao ni mtu mmoja, maisha yanaendelea.

Mtoto mwingine wa sentensi hiyo aliniletea aibu mbele ya mteja. Mwenzangu anayetumia Windows alinitumia hati fupi ya JavaScript, kwake inakwenda, kwangu env akasema hamjui 'node\r'. Nilimwangalia huyo \r kwa muda mrefu. Kwenye Windows mstari humalizika kwa alama mbili, moja ya kurudisha kigari cha taipureta mwanzo wa mstari na nyingine ya kushuka chini. Linux hutosheka na hiyo ya kushuka. Kwa hiyo env hakuwa anamtafuta node, alikuwa anamtafuta node aliyebeba kigari cha taipureta mgongoni, na huyo kweli hayupo kabati lolote. Marehemu shangazi yangu alikuwa mpiga chapa. Sikujua kwamba ile kengele yake ya mwisho wa mstari bado inalia ndani ya kompyuta.

Kuna moja ambalo si kosa lako, nalitaja kwa kuwa lilitokea dirishani kwako na sina dirisha jingine la kulalamikia. Oktoba 2021 lilitoka toleo la 17 la Node likiwa na OpenSSL 3, maktaba ya usimbaji, na hiyo ilikuwa imeiweka kando njia ya zamani ya kutengenezea alama za mafaili, MD4, ya mwaka 1990. Webpack 4, zana ya kufungasha tovuti, ilikuwa bado inaitumia, wala si kwa kuficha siri, ni kwa kubandika lebo tu. Miradi iliyolala salama ikaamka asubuhi haiwaki, na ujumbe ukazungumzia "digital envelope routines". Shughuli za bahasha, Mheshimiwa! Nilipoona neno bahasha nilipapasa mfuko wa shati. Nikajiuliza hii ni hitilafu au naambiwa kiungwana kwamba bila bahasha ya kaki kazi yangu haitapita leo? Tiba ilikuwa kuisasisha webpack. Wenye haraka waliweka --openssl-legacy-provider kwenye NODE_OPTIONS, mlango wa nyuma uliofunguliwa rasmi, na miradi mingine inapita humo hadi kesho.

Wenzako wa Windows nao wana yao. Ukisakinisha Node huku dirisha liko wazi, dirisha hilo halitaiona mpaka ulifunge ufungue jingine, kwa sababu lilinakili orodha ya makabati wakati linafunguliwa na halisomi tangazo lililobandikwa baadaye. PowerShell naye atakukatalia npm kwa hoja kwamba kuendesha hati kumezuiwa kwenye mfumo huu, kisha ukiandika npm.cmd anakupisha na tabasamu. Mtu yuleyule, shati tofauti. Na wewe Bash usijitoe: nikihamisha zana toka kabati moja kwenda jingine, unakumbuka kabati la zamani, unakwenda hukohuko, unarudi unaniambia halipo, hadi nikwambie hash -r ndipo usahau. Kumbe kumbukumbu unayo. Unaitumia kwa kunikwamisha.

Ombi langu, Mheshimiwa, ni sentensi moja ya nyongeza. Siombi uvunje utaratibu uanze kupekua nyumba nzima. Najua hatari ya karani anayeokota faili lolote lenye jina linalofanana. Ukikosa, taja ulikotafuta. "Nimefungua kabati hili, hili na hili, sikumwona." Basi. Mimi mwenyewe nitajua kwamba kabati langu halimo, na nitalala saa nne badala ya saa nane. Ulichosema juzi hakikuwa uongo, maana hukupata kweli. Lakini "sikupata" ya mtu aliyetafuta na "sikupata" ya mtu asiyetafuta zote unaziandika kwa wino mmoja, na mimi wa upande huu wa dirisha nabaki kudhani kwamba sikusakinisha, nafuta, naanza upya, naunguza bando lingine.

Na usiniambie haiwezekani. Kwenye Ubuntu wamemwekea mwenzako msaidizi: ukimpoteza ls kama nilivyompoteza mimi, msaidizi anasema ls yupo /bin/ls, ila hakuonekana kwa sababu /bin haimo kwenye PATH yako. Sentensi mbili, na kabati limetajwa kwa jina. Huyo msaidizi naye ana udhaifu wake, kwani ukimtajia node mara nyingi hukushauri usakinishe nyingine hata kama unayo moja imejificha, ukaishia na Node mbili za matoleo tofauti zinazogombea jina. Lakini angalau ananyanyuka kwenye kiti.

Tovuti ilikamilika Ijumaa adhuhuri. Jumamosi akina mama waliipenda, wakataka rangi ya kijani iongezwe. Katibu wao akauliza, kwa upole lakini mbele ya wote, kwa nini ilikamilika siku moja tu kabla ya kikao. Nikatafuta namna ya kueleza PATH, env na kigari cha taipureta kwa watu waliokuja kugawana hisa, nikashindwa.

"Faili lilikuwa halionekani," nikasema.

Wakatikisa vichwa kwa huruma, wala hakuna aliyeuliza swali la pili.

Wako katika ujenzi wa tovuti,

Mwananchi wa .npm-global/bin

Nakala:
Bwana env – asome pamoja na karatasi aliyopewa.
Bwana node, almaarufu nodejs – abaki na kiapo chake cha majina.
Bwana sudo – kwa taarifa tu, si kwa utekelezaji.