Gauni la Pinki Liache Nyumbani: Mwongozo kwa Mgeni wa Howard

Umepata nafasi ya kusoma Chuo Kikuu cha Howard, Washington. Hongera. Mama kakushonea gauni la pinki na kijani la siku ya kwanza. Liache nyumbani.

Rangi hizo zina wenyewe. Ni za Alpha Kappa Alpha, chama cha kina dada weusi kilichoanzishwa chuoni hapo tarehe 15 Januari 1908, Ethel Hedgeman akiwa mstari wa mbele. Ukilivaa, atakujia dada mwenye tabasamu pana akuulize ulijiunga mwaka gani, tawi lipi. Usijitetee. Sema ni gauni la shangazi.

Mkufu wa lulu nao uuhesabu kabla hujauvaa. Lulu 20 ni waasisi 20, na Kamala Harris, aliyejiunga mwaka 1986, havai zake kwa urembo tu. Ukisikia mtu kapaza sauti nyembamba, "Skee-Wee!", hakuna aliyeumwa na nyuki. Wanasalimiana. Wewe usiitikie.

Utasema: basi nivae nyekundu. Umekwisha! Nyekundu na krimu ni za Delta Sigma Theta, na hapo lazima ujue ugomvi ulikoanzia. Mwaka 1912 wanachama 22 wa Alpha Kappa Alpha walitaka kubadili jina na rangi, na chama kijitose zaidi kwenye mambo ya siasa. Nellie Quander, aliyekuwa ameshahitimu, akakataa katakata. Wale 22 wakajitoa, na tarehe 13 Januari 1913 wakaanzisha chao. Quander naye mbio mbio kukisajili cha zamani, usajili ukatoka tarehe 29 mwezi uleule. Mtoto wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa zaidi: Yanga 1935, Simba 1936, kijani kule, nyekundu huku.

Delta hawakukawia. Tarehe 3 Machi 1913 walikuwa barabarani Washington kwenye maandamano ya wanawake kudai haki ya kupiga kura, ilhali wapo waandaaji wazungu waliotaka weusi wakae nyuma. Kwa hiyo ukimkuta bibi wa miaka 80 katinga jaketi jekundu lenye herufi za Kigiriki, usimwulize mbona bado anavaa nguo za chuo. Uanachama ni wa maisha, na huyo bibi ana mkutano jioni. Ukitaka kumpelekea zawadi, sanamu ya tembo itampendeza, ila angalia mkonga: uwe umeinuliwa juu.

Wanachama wa vyama hivi wakicheza kwa mstari, usikatize katikati, hata kama umechelewa darasani. Ishara zao za vidole usiziige, wala kwa picha.

Bluu je? Bluu na nyeupe ni za Zeta Phi Beta ya mwaka 1920, hapohapo Howard. Bluu na dhahabu ni za Sigma Gamma Rho, iliyozaliwa Indianapolis mwaka 1922. Kahawia nayo ina wenyewe, tena wanaume.

Vaa kijivu.