Waraka kwa mawakala wa usajili wa steshenari

Ndugu zangu mnaosajili biashara za watu kwenye steshenari, katikati ya mashine ya fotokopi na chaja za simu,

Pokeeni kwanza pongezi zangu. Mfumo wa mtandao wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania Bara, unawatoa jasho wenye digrii zao, ninyi mnauchezea kama drafti. Ila kuna sentensi moja mnayompa mteja pamoja na cheti, wala haimo kwenye orodha yenu ya bei: "Mama, jina sasa ni lako, hakuna wa kuligusa." Hiyo mnaitoa bure, na huenda ikamgharimu kuliko vyote mlivyomtoza.

Daftari la majina ya biashara halikuwekwa kwa ajili ya mama huyo. Liliwekwa kwa ajili ya wanaomdai. Sheria ya namna hii tumeirithi kwa Waingereza, waliopitisha ya kwao mwaka 1916, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimepamba moto. Walitaka kujua ni nani hasa yuko nyuma ya jina lililoandikwa mlangoni, maana walihofia wageni waliojificha kwenye majina ya Kiingereza. Kazi yake haijabadilika sana: mtu akidhulumiwa, ajue amshitaki nani. Cheti kile mlichokitia plastiki, kwa heshima zote, ni anwani ya kupelekea hati ya madai. Hata kampuni hakimfanyi; deni la duka ni deni lake yeye.

Ni kweli Msajili hukataa jina linalofanana na lililokwisha kuandikwa, na nadhani hapo ndipo mnapopatia ujasiri. Lakini kumnyima mtu cheti si kumzuia kubandika jina hilo kwenye chupa ya pilipili na kuiuza Kariakoo. Mwenye nguvu ya kumzuia ni aliyesajili alama ya biashara, chini ya sheria nyingine kabisa, ya mwaka 1986. Mshindani akiwahi kuisajili alama hiyo, mama mwenye cheti ndiye atakayeanza kupokea barua za wakili. Akijitetea kwamba yeye alitangulia kulitumia jina, atatakiwa kuleta ushahidi wa soko, na cheti chenu peke yake hakitatosha.

Mnajua vilevile kwa nini alama hamuitaji. Ina usumbufu. Lazima useme ni ya bidhaa gani au huduma gani, katika madaraja 45 ya kimataifa. Ombi hutangazwa jaridani na watu hupewa siku 60 za kupinga. Tena jina la kueleza bidhaa tu hugonga mwamba: "Mchele Safi Traders" linaweza kupita kwenye majina bila maswali, likakwama kwenye alama, kwa kuwa kila muuza mchele ana haki ya kusema wake ni safi, hata anapodanganya. Likipita, ulinzi ni wa miaka 7, kisha unahuishwa kwa miaka 10 kila mara.

Lawama si zenu peke yenu. Bara, vyote viwili hutolewa na BRELA, na mteja akiona nembo ileile juu ya karatasi huamini ulinzi ni uleule. Kenya wamevitenga: majina yako ofisi ya BRS, alama ziko ofisi ya KIPI. Hata hiyo alama ya BRELA haivuki maji kwenda Unguja na Pemba, wenye sheria yao na wakala wao, BPRA. Kwa hiyo yeyote kati yenu anayemwahidi mteja "Afrika Mashariki nzima" kwa cheti cha jina, namwomba atuonyeshe ramani anayoitumia.

Ombi langu ni dogo. Pale ukutani palipoandikwa "Kampuni, TIN, Jina la Biashara", ongezeni mstari mmoja: "Cheti cha jina si alama ya biashara." Sidhani kama wateja watapungua. Wakipungua, fotokopi bado mnayo.

Wasalaam,
Mteja wenu